Ongea na Mwalimu: "Si wapigwe tu mpaka waseme?"

Toleo lililopita tuliweka makala kuhusu vita ya magaidi wa Cabo Delgado kule Msumbiji, ng'ambo ya Mtwara, na tangu siku ile simu yangu haijatulia, meseji zinaingia mpaka usiku, kutoka Tunduma hadi Mafinga, watu wana hofu, wana hasira, na wengine wana maswali mazito kabisa. Nimechagua manne. Majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo Mwalimu. Mi ni dereva bodaboda hapa Uyole. Nikisoma hizi habari nakasirika sana. Hivi kwanini nchi inahangaika na mahakama na mawakili kwa mtu alieua wanawake na watoto? Si apigwe tu mpaka awataje wenzie, halafu yaishe? Hizi nchi za demokrasia naona zinajichelewesha zenyewe. Naomba unijibu ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marahaba mwanangu. Hasira yako naielewa maana na mimi ninayo. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa nafundisha uraia kidato cha tatu hapahapa Mbeya, na mchana ule walimu wote tulikuwa tumeizunguka redio moja ya betri ofisini, chai inapoa kwenye vikombe hakuna anaeigusa, tunasikia ubalozi wa Marekani umelipuliwa Dar na mwingine Nairobi, ndani ya dakika chache. Nairobi walikufa watu 213. Dar walikufa 11, na ingekuwa zaidi kama lile boza la maji lisingekuwa limesimama pale getini, lori la mabomu likashindwa kuingia ndani. Hao 11 wote walikuwa Waafrika, hakuna Mmarekani hata mmoja. Walikuwemo walinzi, watu waliokwenda kazini asubuhi kutafuta mkate wa watoto. Kwahiyo ukiniambia magaidi wanatia hasira, tuko pamoja.

Lakini sasa sikiliza kesi zenyewe zilivyokwenda, maana jibu lako limo humo humo.

Watu wanne walishtakiwa New York kwa milipuko ile, mmoja wao Mzanzibari, Khalfan Khamis Mohamed. Ilikuwa mahakama ya kawaida, ya wazi, wana mawakili, na ushahidi uliletwa mezani kipande kwa kipande, nani alipanga nyumba, nani alinunua gari. Mwaka 2001 wote wanne wakakutwa na hatia wakapewa kifungo cha maisha. Hiyo ndo kazi iliyofanywa taratibu.

Yuko na mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, nae Mzanzibari. Yeye alikamatwa Pakistan mwaka 2004, na badala ya kupelekwa mahakamani akafichwa kwenye magereza ya siri ya CIA, majasusi wa Marekani, halafu akapelekwa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani kule Cuba. Yaani ile njia unayoitaka wewe. Alipokuja kufikishwa mahakamani 2010 alikuwa na mashtaka zaidi ya 280, na upande wa mashtaka walikuwa na shahidi mzito, Mtanzania, ambae angesema kwamba alimuuzia vile vilipuzi. Jaji akamkataa yule shahidi, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumtesa mshtakiwa. Basi Ghailani akakutwa na hatia kwenye shtaka moja tu kati ya hayo yote. Moja! Alipewa maisha kwa hilo moja, lakini ilibaki kidogo sana mtu atoke. Kile kipigo kilimfanyia kazi ambayo hata wakili wake asingeiweza.

Na hapo ni pale ambapo aliepigwa alisema kweli. Mara nyingi anaepigwa anasema chochote ili mkono usimame. Birmingham, Uingereza, mwaka 1974 mabomu yaliua watu 21 kwenye baa, polisi wakawakamata watu sita, wakapigwa, baadhi yao wakasaini kwamba ndo wao, wakafungwa maisha. Mwaka 1991 wakaachiwa maana haikuwa kweli. Miaka 16 imeliwa. Na waliotega mabomu yale hadi leo hakuna aliefungwa kwa kosa lile. Sasa niambie, ule mkong'oto ulimlinda nani?

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa, na haijaweka kipengele cha kusema isipokuwa gaidi. Wengi mnaona ile ibara ni huruma kwa wahalifu. Mi naiona ni ulinzi wako wewe wa bodaboda, maana siku ya msako wa kwanza kukamatwa sio gaidi, ni wewe uliepaki karibu.

Nikusogezee karibu zaidi. Mtaa niliokuwa nakaa zamani hapa Mbeya kulikuwa na kijana muuza maparachichi, kijana mtulivu, Ijumaa anavaa kanzu anakwenda msikitini, siku nyingine utamkuta na tenga lake pale Mwanjelwa. Siku moja ukapita msako, wakachukuliwa yeye na wenzie kadhaa. Kituo sitakitaja. Ilikuwa Juni, unaijua baridi ya Mbeya ya Juni, na mama yake kila asubuhi kwenye ukungu ule anabeba chupa ya uji wa ulezi ameifunga na kitenge isipoe, anafika kaunta anaambiwa mpelelezi hajaja, anakaa kwenye benchi mpaka uji unapoa, anarudi nao. Siku ya tano kijana akaachiwa. Hakuambiwa kosa lake, hakuambiwa pole. Nilimuona akishuka kwenye bajaji, viatu vimelegea maana kamba zilivuliwa hazikurudi, anatembea anaburuza kama mzee.

Miezi kadhaa baadae wakaja wapangaji wawili wageni chumba cha uani kwa jirani, hawasalimii, mizigo wanaingiza usiku. Yule kijana aliwaona vizuri kuliko sisi wote kwa sababu yeye saa kumi alfajiri yuko nje anafuata maparachichi. Hakumwambia mtu. Wakaja kumvamia wakala wa pesa wa mtaa wa pili wakamkata panga la mkono. Nilipomuuliza yule kijana, mwanangu ulikuwa unajua na ukanyamaza? Akanijibu kwa upole tu, "Mwalimu, nikisema si ndo wataniuliza nimewajuaje?"

Wale walikuwa majambazi, sio magaidi. Ila gaidi nae anapanga chumba hivyohivyo, na anaonekana kwanza na watu haohao, muuza maparachichi, mama lishe, wewe na bodaboda yako. Nchi haiwezi kuweka askari kila uani. Inategemea mdomo wako, na mdomo wako unafunguka ukiamini kwamba ukisema hutageuzwa mtuhumiwa. Kila anaeonewa kwenye msako anafunga midomo ya mtaa mzima, na gaidi anachohitaji ni mtaa ulionyamaza.

Kamwene Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Iringa. Kwenye mdahalo tulipewa mada kwamba nchi ya kidemokrasia haiwezi kushinda ugaidi bila kupunguza uhuru wa raia. Upande wetu ulishindwa. Je, kuna nchi imeweza? Na sheria yetu ya ugaidi unaionaje?

Kamwene mwanangu. Pole kwa kushindwa, lakini mada ilikuwa na mtego, maana hakuna alieuliza uhuru wa nani unapunguzwa na kwa muda gani. Uhuru unapunguzwa kidogo kila siku na hatulalamiki, tunakaguliwa mabegi uwanja wa ndege, tumesajili laini kwa alama za vidole. Ibara ya 30 ya Katiba yenyewe inasema haki zina mipaka. Tatizo linaanza mpaka unapochorwa na mtu mmoja ofisini, hakuna Bunge linalouliza, hakuna jaji anaekagua, na haina mwisho.

Chukua Ireland ya Kaskazini. Agosti 1971 serikali ilianza kukamata watu na kuwaweka ndani bila kesi, siku ya kwanza tu zaidi ya 300, karibu wote kutoka upande wa Wakatoliki, na orodha zenyewe zilikuwa za zamani, wengine walishaachana na mambo hayo siku nyingi. Walidhani ndo wanaizima IRA, lile kundi la silaha lililotaka Waingereza waondoke. Mwaka uliofuata, 1972, ndo ukawa mwaka wenye vifo vingi kuliko miaka yote ya mgogoro ule, karibu watu 480. Vijana ambao hawakuwa na habari na IRA walijiunga kwa sababu baba au kaka amechukuliwa. Walikuja kuacha mwishoni mwa 1975, wakiwa wameshaweka ndani karibu watu 2,000, na amani ilipatikana mezani, kwa ule mkataba wa Aprili 1998. Kenya nao Aprili 2014 walifanya msako mkubwa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, maelfu ya watu wakazolewa, wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadae, tarehe 2 Aprili 2015, Garissa watu 148 wakauawa chuoni, vijana kama wewe na wenzio mnaolala hosteli. Sisemi msako ndo ulileta Garissa. Nasema ule msako haukuwagusa waliokuwa wanapanga.

Wapo walioenda njia nyingine. Norway Julai 22, 2011 mtu mmoja, mzungu mwenzao, aliua watu 77, wengi ni vijana waliokuwa kambini. Waziri mkuu wa wakati ule, Jens Stoltenberg, alisema hadharani kwamba watajibu kwa demokrasia zaidi na uwazi zaidi, na mimi niliposikia nilidhani ni maneno ya msibani tu. Lakini muuaji alishtakiwa mahakama ya wazi, akapewa wakili, akahukumiwa 2012 miaka 21 ambayo inaweza kuongezwa akionekana bado ni hatari. Halafu, na hapa ndo pananigusa zaidi, waliunda tume huru kuchunguza serikali yao wenyewe ilikosea wapi, na ripoti ikatoka kwa wote, ikasema wazi polisi wangeweza kumzuia mapema zaidi. Mkuu wa polisi akajiuzulu. Serikali inayosema tulikosea hapa na hapa, siku nyingine ikimwambia mwananchi tusaidie, anaisikiliza.

Na kuna utafiti mmoja ningependa upande wenu ungekuwa nao. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 walitoa ripoti baada ya kuzungumza na mamia ya Waafrika waliowahi kujiunga na makundi haya. Kati ya waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni kilikuwa kitendo cha serikali, kama ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Hiyo namba isome mara mbili.

Sheria yetu sasa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ni ya mwaka 2002, na sikatai kwamba tunaihitaji. Kibiti 2017 tuliona, askari wanane waliuawa kwa mpigo mmoja mwezi Aprili, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kule Mtwara kilivamiwa kutokea ng'ambo ya Ruvuma. Hii sio hadithi ya Waarabu na Wamarekani, ni yetu. Wasiwasi wangu ni mmoja. Shtaka la ugaidi halina dhamana. Ukishaandikiwa neno hilo unakaa ndani hadi kesi iishe, upelelezi ukamilike usikamilike. Julai 2021 mwenyekiti wa wakati ule wa chama cha upinzani cha CHADEMA, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza akashtakiwa kwa ugaidi, akakaa ndani miezi saba na zaidi, na Machi 4, 2022 DPP, mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, akaiondoa kesi. Sasa we fikiria kwa mwananchi wa kawaida anaetazama. Neno zito kama ugaidi likitumika halafu likafutwa bila maelezo, siku litakapotajwa la kweli watu watasema hayo mambo yao ya siasa. Mi ningetaka jaji apewe nafasi ya kuangalia kesi moja moja aamue nani apewe dhamana na nani asipewe, na upelelezi uwe na siku za mwisho. Gaidi wa kweli hatatoka kwa hilo, na asie na hatia hatazeekea gereza la Ruanda hapa Mbeya akisubiri jalada.

Mwalimu habari. Nina kibanda cha uwakala wa pesa Tunduma karibu na mpaka. Wateja wananisema sana nikiwadai kitambulisho, wananiita polisi. Je, kweli haya yanazuia ugaidi au ni usumbufu tu?

Yanazuia, endelea kudai. Bomu linanunuliwa, nauli inalipwa, chumba kinapangwa, na pesa ikipita kwa jina la kweli inaacha nyayo ambazo mpelelezi anaweza kuzifuata bila kumgusa mtu kofi. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi za kuangaliwa na FATF, wale wanaofuatilia fedha haramu duniani, Oktoba 2022, na ikaondolewa Juni 2025 baada ya kurekebisha mambo, na wewe kwenye kibanda chako umo kwenye kazi hiyo. Ila usikisie ugaidi kwa sura. Msomali anaetuma pesa kwa mama yake sio habari. Habari ni mtu mmoja anaekuja na laini tano za majina tofauti, anagawa kiasi kidogo kidogo, na ukimuuliza anapanda juu. Tunduma mnajua wenyewe 2013 mlivyopigana Wakristo na Waislamu kwa suala la nani achinje, maduka yakafungwa, mpaka sasa kuna majirani hawajapatana sawasawa. Mahali penye kidonda kama hicho, kumtaja mtu kwa ajili ya dini yake ni kukitonesha.

Mwalimu habari za kazi. Naandika kwa siri. Nakaa Mwanjelwa na mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 19, alimaliza form four hakupata kazi. Tangu mwezi wa tatu amebadilika. Ameacha mpira, ameacha marafiki, hali na sisi, usiku kucha earphone masikioni. Juzi ananiambia kuna mtu atamlipia nauli mpaka Mtwara halafu wavuke, kuna kazi nzuri, nisimwambie mtu. Nikienda polisi naogopa nitamuua mwenyewe. Nisipoenda naogopa zaidi. Nifanye nini?

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara nyingi, na nilikujibu kwanza kwa simu, ila umekubali niandike hapa kwa ajili ya wengine.

Kwanza usijilaumu kwa kuogopa. Mmoja wa wale waliovamia Garissa alikuwa kijana aliesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake, chifu huko Mandera, alikuwa ameshatoa taarifa serikalini kwamba mwanae amepotea. Mzazi alisema. Kwahiyo mzigo haukuwa wa mzazi peke yake, na haupaswi kuwa wako peke yako.

Pili, mpaka hapa mtoto hajafanya kosa. Huenda ni kazi kweli, huenda ni matapeli, huenda ni wale wale. Vijana wengi walivutwa Cabo Delgado kwa ahadi za kazi na hela, wala sio kwa kusoma dini, na kwenye ile ripoti ya UNDP niliyoitaja juu zaidi ya nusu ya walioulizwa walikiri wanayajua maandiko ya dini kidogo sana au hawayajui kabisa. Kwahiyo msimvamie kwa mahubiri. Usimnyang'anye simu pia, utafunga dirisha pekee la kujua anaongea na nani, atanunua nyingine atakuficha.

Mtafute mtu mmoja anaemheshimu. Kama anaswali, imamu wa msikiti wake anaemjua tangu mtoto. Kama ni kocha wa mpira, huyohuyo. Akae nae, amsikilize kwanza. Uchungu wa baba kufa na kukosa kazi miaka miwili hauondoki kwa kufokewa. Halafu ulizia veta, chuo cha ufundi, ulizia ndugu mwenye gereji, mtoto aone kuna mlango mwingine umefunguka wiki hii.

Kuhusu polisi, nenda, ila usiende peke yako na usiende usiku. Nenda na mwenyekiti wa mtaa kama ni mtu unaemuamini, au polisi kata, na ukiweza nenda na mtu wa msaada wa kisheria. Mezani peleka habari za anaemwita, namba ya simu, siku aliyopiga, njia aliyosema watapita. Sema wazi umekuja kuomba mtoto alindwe na anaemwita atafutwe. Omba namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yako, iandike pembeni na jina la alieipokea taarifa na saa. Na siku akiondoka bila kuaga, usisubiri kesho, siku hiyohiyo piga 112 na rudi pale pale na ile RB, maana kutoka Mbeya hadi Mtwara ni safari ndefu na basi linasimamishwa njiani, bado anaweza kurudishwa akiwa ni mtoto wako tu.

Nanyi askari mnaosoma ukurasa huu, najua mpo, shangazi kama huyu akifika kaunta mpeni kiti. Msimuulize amejuaje.

Kesho asubuhi dada, kabla hajatoka, mpikie chai ukae nae. Usianze na Mtwara. Muulize baba yake alikuwa anapenda nini, maana umeniambia hamjawahi kumzungumzia tangu mazishi.